Broken Age: harambee ya gemu na hukumu ya kazi nusu

Leo hakuna somo la kuandika programu, leo ni historia. Nataka tuangalie gemu iitwayo Broken Age na jinsi ilivyopokelewa ilipotoka. Ni kisa cha Marekani, lakini mtu wa Kisii au Nyamira atakielewa haraka, kwa sababu kiini chake ni harambee.

Tuanze na mwenye gemu. Tim Schafer alifanya kazi LucasArts, kampuni iliyosifika kwa gemu za visa: unatembea na mhusika, unazungumza na watu, unaokota vitu na kufumbua mafumbo, huhitaji kupiga risasi. Alikuwa mmoja wa waandishi wa The Secret of Monkey Island (1990), kisha akaongoza Full Throttle (1995) na Grim Fandango (1998). Hiyo ya mwisho wahakiki waliisifu sana, lakini haikuuza vizuri. Baadaye wenye mitaji wakaziona gemu za aina hii kama duka lisilo na wateja. Mwaka 2004 LucasArts yenyewe ilifuta gemu mpya ya Sam & Max ikiwa njiani. Wakati huo Schafer alikuwa ameshaondoka. Mwaka 2000 alianzisha kampuni yake, Double Fine, mjini San Francisco.

Tarehe 8 Februari 2012 Double Fine iliomba mchango kwa umma kupitia tovuti ya Kickstarter. Waliomba dola 400,000: 300,000 za gemu, na 100,000 za filamu ya kuonyesha inavyotengenezwa. Kiasi hicho kilipatikana chini ya saa 9. Kabla siku haijaisha wakapita milioni 1. Mchango ulipofungwa mwezi Machi, watu 87,142 walikuwa wametoa dola 3,336,371. Gemu ilitarajiwa Oktoba mwaka huo huo.

Sasa fikiria harambee ya kwetu. Shule moja huko kati ya Keroka na Nyansiongo inataka mabati ya madarasa mawili. Kadi za mchango zinasambazwa, hema linawekwa, mgeni wa heshima anakuja na marafiki zake, na jioni pesa zikihesabiwa ni mara nane ya zilizoombwa! Kamati itafanya nini? Sidhani itanunua mabati ya madarasa mawili na kurudisha chenji. Itachora ghorofa.

Double Fine nao wakachora ghorofa. Oktoba 2012 ikapita. Julai 2013 Schafer akawaandikia wachangiaji kwamba gemu aliyoibuni ni kubwa kuliko pesa zilizopo. Kwa mwendo ule, nusu ya kwanza tu ingekamilika Julai 2014, na yote mwaka 2015. Hakutaka kuikata sana, kwa hiyo akaamua kuigawa: sehemu ya kwanza itoke mapema, na mauzo yake yalipie ya pili. Hapo maneno yakaanza. Kuna waliosema pesa zimechezewa. Wengine, waliokuwa wakiitazama ile filamu kipande kwa kipande, walikuwa wameona jinsi kazi ilivyo nzito na wakamtetea. Yaani hukumu zilitolewa kabla gemu yenyewe haijaonekana.

Sehemu ya kwanza iliwafikia wachangiaji katikati ya Januari 2014, na watu wote tarehe 28. Ina wahusika wawili. Vella ni msichana anayeandaliwa kutolewa kafara kwa dubwana na anakataa. Shay ni mvulana anayelelewa na kompyuta ndani ya chombo cha angani, inayomtunza kama mtoto asiyekua. Wahakiki wengi walifurahi. Walisifu michoro inayofanana na kitabu cha picha, muziki wa Peter McConnell, na sauti za waigizaji kama Elijah Wood. Lawama zilikuwa mbili: mafumbo ni rahisi mno, na gemu ni fupi, inakatika pale inaponoga.

Mwanzoni Double Fine iliwataka wachangiaji wasiandike tathmini zao mpaka siku ambayo waandishi wa habari wataruhusiwa. Wakalalamika, na sharti likaondolewa. Kwangu mimi hapa ndipo pana historia. Mhakiki wa gazeti anauliza: je, gemu hii inafaa kununuliwa? Mchangiaji anauliza: je, hii ndiyo niliyoahidiwa? Kwa swali la kwanza, mafumbo rahisi ni dosari ndogo kwenye kazi nzuri. Kwa swali la pili ni jambo zito, maana wengi walichanga ili warudishiwe gemu za miaka ya 1990, na zile zilikuwa zinaumiza kichwa kweli kweli.

Sehemu ya pili ikatoka tarehe 28 Aprili 2015. Mafumbo yakawa magumu. Je, watu waliridhika? Wapi! Sasa lawama ikawa kwamba baadhi ya mafumbo yanakutaka umtumie mhusika mmoja kwa jambo ambalo ni yule mwingine tu aliyeliona, na kwamba unarudishwa sehemu zile zile ulizokwisha kuzipita. Mapokezi yakapoa kuliko ya mwaka uliotangulia.

Sisi waandishi wa programu tumefundishwa kutoa toleo mapema, kusikiliza watumiaji, kisha kurekebisha. Kwa programu ya kutunza hesabu za duka njia hiyo inafaa. Hadithi ni kitu kingine. Mchonga mawe wa Tabaka akikuonyesha kinyago cha kifaru ambacho kichwa kimekamilika na miguu bado ni jiwe tupu, utasifu kichwa, lakini huwezi kujua kama kitasimama. Wahakiki wa Januari 2014 walisifu kichwa. Hawakukosea, ila hawakuwa na kitu kingine cha kupima.

Hata hivyo tusisahau kwamba ghorofa ilikamilika. Aliyelipia sehemu ya kwanza alipata ya pili bila kuongeza hata senti. Double Fine iliporudi kwa umma mwishoni mwa 2015 kuomba pesa za Psychonauts 2, watu walitoa tena, zaidi ya dola milioni 3.8. Gemu hiyo nayo ilichelewa, ikatoka Agosti 2021 ikiwa nzima, na ikasifiwa sana.

Kwetu Kenya uwezo upo. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi tangu 2007. Pesa ndiyo kikwazo, na kwa kuwa mchango tumeuzoea toka utotoni, najua kuna msomaji hapa atakayejaribu njia hii. Ushauri wangu:

1. Pesa zikizidi ulizoomba, tangaza mapema utazifanyia nini, kabla hujachora ghorofa.
2. Waonyeshe wachangiaji kazi inavyoendelea, hata ikiwa mbaya.
3. Kama ni hadithi, itoe nzima. Ukitoa nusu utahukumiwa mara mbili.

Kama umezicheza sehemu zote mbili mfululizo, bila kungoja miezi 15 kama wenzetu wale, niambie ulionaje. Haya, tuonane wakati mwingine.