Sugu za miguuni: namna ya kuzitibu na kuzizuia

Mkazi wa Nyahanga anayelima majaruba ya mpunga, anayechimba dhahabu au anayetembeza biashara mjini Kahama hutegemea miguu yake siku nzima. Sugu moja ndogo kidoleni inatosha kumfanya achechemee na kazi isimame. Sugu nyingi hutibika nyumbani bila kukatwa, ilimradi kinachozisababisha kiondolewe.

Sugu hutokana na nini?

Ngozi inayobanwa au kusuguliwa mahali pamoja kwa muda mrefu hujikinga kwa kuwa nene. Ikitandaa, kama kisiginoni, kwa kawaida haiumi. Inayouma ni ile ndogo ya mviringo yenye kiini kigumu kilichochongoka kuelekea ndani. Ukikanyaga, unahisi kama una kokoto ndani ya kiatu. Sugu iliyo katikati ya vidole huwa laini na nyeupe kwa sababu ya jasho.

Sugu haiambukizi. Chunjua huambukiza kwa kuwa hutokana na kirusi. Mara nyingi huwa na vidoti vyeusi, na huuma zaidi ukiibana pembeni. Sugu huuma zaidi ukiibonyeza kutoka juu.

Tiba ya nyumbani

1. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 10 hadi 15.
2. Sugua sugu taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu. Ondoa kidogo kidogo kila siku. Ukihisi maumivu, acha.
3. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta ya mgando juu ya sugu. Usipake katikati ya vidole.
4. Kata kipande cha sponji chenye tundu katikati, ukiweke kuizunguka sugu ili kiatu kisiiguse.

Duka la dawa huuza dawa za sugu zenye asidi salisiliki. Paka juu ya sugu tu, kwa sababu huunguza ngozi nzima. Mwenye kisukari asiitumie bila ushauri wa daktari.

Usifanye haya

Usikate sugu kwa wembe. Jeraha linaweza kuingiza vijidudu, vikiwemo vya pepopunda, na wembe wa kuchangia unaweza kuambukiza VVU. Usipake maji ya betri wala tindikali nyingine. Huunguza hadi nyama ya ndani.

Nenda kituo cha afya mapema ikiwa:

- una kisukari, hata kama sugu ni ndogo;
- mguu una ganzi, au una kidonda kisichouma. Ganzi inaweza kuwa dalili ya kisukari au ukoma;
- pamevimba, pana joto, panatoa usaha au damu;
- sugu haipungui baada ya wiki kadhaa.

Kwa mwenye kisukari, kidonda kidogo kilichopuuzwa kinaweza kuishia mguu kukatwa.

Kinga

Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imetanuka. Vijaribu ukiwa umesimama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Viatu vya mtumba vikague ndani, kwani huwa vimeshika umbo la mguu wa mwenye navyo wa kwanza. Anayevaa mabuti machimboni au shambani avae soksi za pamba, azibadilishe zikilowa, na ayakaushe mabuti kila siku. Kiatu kinachobana kisipobadilishwa, sugu itarudi hata baada ya kutibiwa.