UZI: Kiwanda ni cha nani?

1/ Kila mjadala wa viwanda na ajira ukianza, hamkosi mtu wa kusema: "Kazi ya mkurugenzi ni faida. Hayo mengine ni ya serikali." Wacha niwaonyeshe kauli hiyo ilitoka wapi, na kama sheria yetu inaikubali.

2/ Marekani, 1919. Henry Ford alitaka kubakiza pesa kwa kampuni apanue kiwanda na kushusha bei ya magari. Ndugu wawili wa Dodge, wenye hisa, wakamshtaki. Mahakama ya Michigan ikaamuru wenye hisa wagawiwe zaidi ya dola milioni 19: kampuni ipo kwanza kwa faida yao. Wengi husahau kwamba mahakama hiyo hiyo ilikataa kumzuia kupanua kiwanda.

3/ 1970, mwanauchumi Milton Friedman akaandika kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Lakini hata yeye aliongeza: bila kuvunja sheria wala kudanganya watu. Huku kwetu tunakariri nusu ya kwanza tu.

4/ Kenya, 2015. Sheria ya Kampuni, kifungu cha 143: mkurugenzi afanye kazi kwa manufaa ya wenye hisa, sawa. Lakini azingatie pia wafanyakazi, wateja, wanaomletea bidhaa, jamii na mazingira.

5/ Shida iko hapa: wajibu huo anaudaiwa na kampuni yenyewe. Jirani anayevuta moshi hawezi kumshtaki kwa kifungu hicho.

6/ Ndiyo maana wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walitumia Katiba, haki ya mazingira safi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, aliacha kazi akawaongoza. Kilifungwa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikafuta malipo hayo 2023, Mahakama ya Juu ikayarudisha Desemba 2024.

7/ Hesabu miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kiwanda kikifungwa alikuwa kijana tayari.

8/ Kwa hivyo mtu akija kwa mkutano na ahadi ya kiwanda, mimi siulizi ajira ngapi peke yake. Nauliza: nani amepima hewa na maji? Ripoti iko wapi tuisome? Na tukiumia, nani analipa, lini?