Jua Lilipopatwa Usangu: Neno, Jicho na Kipimo

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa 6 mchana, jua lilipatwa juu ya bonde la Usangu. Ubaruku, Rujewa na vijiji jirani vya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, vilikuwa ndani ya ukanda mwembamba ambamo mwezi ulilifunika jua katikati na kuacha pete ya mwanga pembezoni. Kivuli hicho kilitokea Bahari ya Atlantiki, kikavuka Gabon, nchi mbili za Kongo, Tanzania na Msumbiji, kisha kikaelekea Madagaska na Réunion. Upeo wa tukio lenyewe ulikuwa kusini mwa Tanzania, ambako pete ilidumu kwa muda uliozidi dakika 3 kidogo tu.

Wanafunzi, wakulima, watafiti na wageni walilitazama jua kwa miwani maalumu. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, siku ile ilikuwa pia mtihani wa lugha. Tukio la kisayansi lilifika katika bonde la wakulima wa mpunga, nalo likaelezwa kwa Kiswahili. Je, lugha hiyo ilikuwa tayari kwa kiasi gani?

Jibu linaanza na kitenzi *kupatwa*. Kimejengwa juu ya *pata*, katika kauli ya kutendwa, na ni kitenzi kilekile cha mtu aliyepatwa na msiba au maradhi. Mtendaji hatajwi. Anayesema kwamba jua limepatwa hasemi limepatwa na nini. Zaidi ya hayo, neno hilo hutumika kwa matukio mawili yenye sababu tofauti. Jua hupatwa pale mwezi unapopita kati yake na dunia. Mwezi nao hupatwa pale unapoingia katika kivuli cha dunia. Wapo wanaoona kuwa huo ni upungufu, na kwamba neno limebeba hofu badala ya elimu. Hoja hiyo haina uzito. Neno *kupatwa* ni kumbukumbu ya kile ambacho jicho limekiona: kimulimuli cha angani kimepungukiwa na nuru yake. Kazi ya kueleza sababu ni ya sentensi, si ya neno moja.

Ushahidi kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwa waangalizi wa mbingu haukosekani. Katika pwani, siku za mwaka wa jua zilihesabiwa kuanzia Nairuzi, zikapangwa kwa *miongo*, yaani mafungu ya siku kumi kumi, nayo hesabu hiyo ikawafaa mabaharia na wakulima. Neno *mwongo*, ambalo leo hutajwa zaidi kwa miaka kumi, lina historia hiyo ya kalenda. Vivyo hivyo kundi la nyota liitwalo *Kilimia* limepata jina lake kutokana na kitenzi *lima*, na maumbo yanayofanana nalo yamo katika lugha nyingi za Kibantu. Nyota hizo hupotea machoni karibu na mwezi Mei, kwa kuwa jua huwa upande uleule wa anga, kisha huonekana tena alfajiri mwezi Juni. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kauli hiyo yaweza kuwa kweli au isiwe kweli. Jambo la msingi ni kwamba inaweza kupimwa mwaka hadi mwaka. Huo ndio mwanzo wa utafiti wa uangalizi.

Lakini kuangalia ni hatua moja, na kupima ni hatua nyingine. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa kikamilifu. Kivuli cha siku ile kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki na Kongo, kikafika kusini mwa Tanzania ya leo wakati jua linaelekea kuzama. Waingereza walikuwa wameweka vyombo vyao Sobral, Brazili, na katika kisiwa cha Príncipe, alikokuwako Arthur Eddington. Picha za nyota zilizoonekana kando ya jua zilitumika kuthibitisha nadharia ya Albert Einstein kwamba uzito wa jua huupinda mwanga. Kivuli kilipita pia juu ya watu wa nyanda hizi, lakini maarifa yaliyotokana nacho yaliandikwa kwa lugha nyingine.

Mwaka 2016 hali ilikuwa tofauti. Mapema kabla ya tukio, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania aliuelimisha umma juu yake. Istilahi *kupatwa kipete* nayo ilisikika. Muundo wake unastahili kuzingatiwa: *pete* imepewa kiambishi *ki-* cha namna, kama ilivyo katika *kitoto* au *kizungu*. Kwa umbo moja fupi, aina hii ya kupatwa ikatengwa na ile ya kikamilifu na ile ya sehemu. Sababu ya pete yenyewe huelezeka bila taabu: mwezi ulikuwa mbali na dunia kuliko kawaida, hivyo ukaonekana mdogo kuliko jua.

Ugumu ulijitokeza kwenye vipimo. Msemaji akisema jua limefunikwa kwa asilimia fulani, ni lazima abainishe asilimia ya nini. Katika upeo wa tukio lile, kipenyo cha mwezi kilikuwa takribani asilimia 97 ya kipenyo cha jua, lakini eneo lililofunikwa lilikuwa takribani asilimia 95. Asilimia 5 iliyobaki ilitosha kulificha taji la jua, yaani hewa yake ya nje, ambayo huonekana kwa macho wakati wa kupatwa kikamilifu tu. Tena ilitosha kuyadhuru macho yasiyokingwa. Hapa usahihi wa lugha si pambo. Ni usalama wa mtoto aliyesimama uwanjani.

Liko pia suala la jina la elimu yenyewe. *Unajimu* kwa watu wengi ni utabiri wa bahati. *Falaki* inafahamika zaidi kwa wenye elimu ya Kiislamu. *Astronomia* inatumika shuleni. Maneno yote matatu yana haki ya kuishi, ila mwalimu anayeyachanganya humfanya mwanafunzi amdhanie mtafiti kuwa mpiga ramli.

Tarehe 21 Mei 2031 pete ya jua itaonekana tena katika sehemu ya Tanzania. Kabla ya siku hiyo, kazi ya wanaleksikografia si kulifukuza neno *kupatwa*, bali kulizungushia istilahi za vipimo, kivuli na mwanga, na kuzipeleka darasani mapema. Mtoto wa Ubaruku aliyeiona pete mwaka 2016 huenda siku hiyo akawa mwalimu. Inampasa awe na lugha ya kueleza alichokiona, na ya kuandika alichokipima.