Meza ya Kuandikia katika Ngara na Biharamulo

Yeyote atakaye kuchagua meza ya kuandikia kwa kazi zake za nyumbani, akiwa mkazi wa Ngara au Biharamulo, yafaa kwanza aijue historia ya chombo hicho katika nchi yake, kwa maana hapo kale hakikuwa samani ya nyumba hata kidogo, bali kilikuwa alama ya dola. Kabla ya kuja Wajerumani, nasaba za koo, mipaka ya mashamba na hukumu za watawala wa huko, wa Bugufi, Bushubi na Rusubi, zilihifadhiwa vifuani mwa wazee, na mashauri yalikatwa watu wakiwa wameketi pamoja, pasipo wino wala karatasi.

Wajerumani walipojenga boma lao Biharamulo, mwanzoni mwa karne ya 20, meza ilisimama baina ya hakimu na raia: upande mmoja aliketi mwenye kalamu, na upande wa pili alisimama mlipa kodi, akingoja jina lake lisomwe. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa Biharamulo, na baadaye Waingereza wakaipokea. Wenye meza walibadilika, lakini aliyesimama mbele yake alikuwa yule yule. Bugufi nayo, ambayo zamani za Wajerumani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi, ikatiwa katika Tanganyika kwa maafikiano ya wakubwa wa Ulaya, na maafikiano hayo yakawatenga watu wa lugha moja.

Hata hivyo kalamu haikukaa daima mikononi mwa wageni. Shule za misheni, mathalan za Waanglikana wa Murgwanza na za Wakatoliki wa Rulenge, zilitoa vijana wajuao hesabu na imla. Baraza za watemi zikapata makarani wenyeji. Na wakulima wa kahawa wa Bugufi, walipounda chama chao cha ushirika katika miaka ya 1930, walihitaji vitabu vya kuandikia uzito wa kahawa na malipo ya kila mmoja. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, daftari likaja kuwa amana ya viongozi waliochaguliwa, na meza ikashuka kutoka bomani hadi kijijini.

Leo imeingia majumbani, ambamo mwalimu hutayarisha masomo na mfanyabiashara hufanya hesabu zake kwa kompyuta. Lakini wengi wetu, tukienda kwa seremala, bado twaagiza meza ya boma: pana kupita haja, nzito, iliyozibwa mbele kwa ubao hadi chini, ili mgeni aone fahari yetu. Nasaha yangu ni kuiacha fahari hiyo. Mninga wa misitu ya miyombo ni mbao njema isiyopinda upesi, na mnunuzi aulize kama imevunwa kwa kibali. Kimo cha sentimita 72 hadi 75 chawafaa watu wengi, ilimradi viwiko vitulie bila mabega kuinuka. Mtoto wa meza mwenye kufuli hutunza hati za shamba. Na dirisha liwe ubavuni, mwanga usije ukamulika kioo cha kompyuta.

Tena, pamoja na meza, viagizwe viti viwili, kwani jirani ajaye kusomewa barua au kuandikiwa ombi lake ana haki ya kuketi, haki ambayo babu yake alinyimwa bomani.