Dai la Lishe

Shangazi yangu anaishi na kisukari, mwaka wa 12 huu. Ramadhani iliyopita nilimkuta akifuturu kwa juisi ya embe ya pakiti, bilauri imejaa pomoni. Nilipomuuliza akanisogezea pakiti: "Tazama mwenyewe, baba. Mjukuu wangu kanisomea, haina sukari."

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na hayakusema hivyo. Yalisema haikuongezwa sukari. Nikaigeuza pakiti, nikatafuta jedwali la lishe lililoandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi: gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100. Bilauri ile ya mililita 250 ilikuwa na gramu 27.5, karibu vijiko saba vya chai. Sukari ya embe lenyewe, naam, lakini damuni ni sukari.

Mtoto yule hakudanganya. Alikosa istilahi tu, na hatujampa.

Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, inahesabu kuwa dai usemi wowote unaotaja, kudokeza au kuashiria kwamba chakula kina sifa fulani. Nimeona wengine wakilitafsiri neno lake la Kiingereza, "claim", kwa "tamko", wengine "maelezo". Sikubaliani nao. Tamko hutolewa na serikali, na raia hulipokea. Maelezo hutoka kwa asiye na cha kuuza. Dai ni jingine kabisa. Gazeti likiandika kwamba mtu "anadai" amepokonywa shamba, msomaji anajua jambo halijathibitika. Mbele ya kadhi, mdai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Neno hilo linamwachia mwenye kiwanda mzigo wake, na hapo ndipo unapostahili kukaa.

Dai la lishe husema kilichomo: "ina kalsiamu kwa wingi". Dai la afya husema kinachofanyika mwilini: "kalsiamu husaidia kujenga mifupa". Hili la pili linahitaji ushahidi mzito zaidi wa kisayansi.

Hatari kubwa imo katika vitenzi. "Haina sukari", kwa kipimo cha Codex, ni isiyozidi gramu 0.5 kwa gramu au mililita 100. "Haikuongezwa sukari" haisemi lolote kuhusu iliyokuwamo tangu mwanzo. "Mafuta kidogo" ni yasiyozidi gramu 3 kwa gramu 100 za chakula kigumu. Ama "imepunguzwa mafuta", hilo ni dai la kulinganisha: inatakiwa tofauti isipungue asilimia 25. Chakula kilichokuwa na gramu 40 za mafuta kikishushwa hadi 30 kinaweza kubeba dai hilo, ilhali bado kimezidi kikomo cha "mafuta kidogo" mara kumi. Mtafsiri akiyaandika yote mawili "mafuta machache", amemuuza mnunuzi.

Kuna na dai lililo kweli lakini linapotosha. Chupa ya mafuta ya alizeti inajivunia kwamba haina kolesteroli. Kolesteroli ni ya vyakula vitokanavyo na wanyama; alizeti haijawahi kuwa nayo ya kuhesabika, wala mafuta mengine ya mimea yaliyo jirani yake rafuni. Mama anayelipa zaidi kwa ajili ya maandishi hayo amenunua wino.

Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha pamoja kuhusu madai haya, EAS 805. Kanuni ipo. Ila upande wa mbele wa pakiti nyingi bado hausemi lugha ya shangazi yangu, naye ndiye mlaji. Ninawaomba wenye viwanda na mashirika ya viwango: dai la Kiingereza likichapwa kwa herufi kubwa, Kiswahili chake kichapwe kwa ukubwa uleule, na kiwe kamili: "Haikuongezwa sukari. Ina sukari ya embe, gramu 11 kwa kila mililita 100."