Kambamiti wa Ekuador na Gharama Zisizoandikwa

Pwani ya Ekuador ina milango mipana ya mito iliyozungukwa na mikoko, na mkubwa kuliko yote hufunguka katika Ghuba ya Guayaquil. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika jimbo la El Oro upande wa kusini, wenye mashamba walitambua kwamba maji ya bamvua yakinaswa kwenye majangwa ya chumvi nyuma ya mikoko, vifaranga wa kambamiti walioingia nayo hukua hadi kufaa kuuzwa. Wakajenga matuta ya udongo na kuyageuza majangwa hayo kuwa mabwawa. Kufikia miaka ya 1980 Ekuador ilikuwa miongoni mwa wafugaji wakubwa wa kambamiti duniani. Mzigo mwingi ulikwenda Marekani, na mapato yake yalihesabiwa pamoja na ya mafuta na ndizi.

Faida hiyo ilitegemea vitu vitatu ambavyo mfugaji hakuvilipia thamani yake: mbegu, ardhi na maji.

Mbegu ilitoka baharini. Maelfu ya watu wa pwani walisukuma nyavu ndogo kwenye mawimbi ya ufukweni, wakachagua vifaranga wa kambamiti na kuwauzia wenye mabwawa. Vifaranga wa samaki wengine walionaswa humo walitupwa, na hasara yao iliwaangukia wavuvi. El Niño ya 1982 na 1983 ilileta maji ya vuguvugu na vifaranga tele, na mabwawa yakaongezeka kwa kasi. Maji yalipopoa mbegu ikaadimika, mabwawa mengi yakakaa matupu, na vituo vya kutotolea vifaranga vikaanza kujengwa.

Ardhi inayofunikwa na maji kujaa ilikuwa mali ya taifa. Wafugaji waliipata kwa kibali cha ada ndogo, na wengine waliichukua bila kibali. Majangwa ya chumvi yalipokwisha, shoka likaingia kwenye mikoko, ingawa sheria ilikataza kuikata. Mwaka 1969 nchi ilikuwa na zaidi ya hekta 200,000 za mikoko. Miaka thelathini baadaye zilibaki takriban 150,000, huku mabwawa yakienea kwenye hekta zaidi ya 170,000. Kwenye mlango wa mto Chone sehemu kubwa ya msitu ilitoweka.

Waliolipa kwanza ni watu walioishi kwa kuokota. Katika maeneo kama Muisne, jimboni Esmeraldas, wanawake na watoto hupiga magoti katika tope la mikoko na kuingiza mkono kati ya mizizi kutafuta kombe weusi. Wengine hutega kaa. Kazi hiyo haikuhitaji mtaji wala bosi, na iliwapa chakula na fedha ya kila siku. Bwawa lilipojengwa njia zilifungwa kwa ua, walinzi wenye silaha na mbwa. Kwa kuwa waokotaji hawakuwa na hati za ardhi, madai yao ya fidia hayakuwa na msingi mbele ya ofisi za serikali. Ajira za mabwawa hazikuziba pengo hilo, maana bwawa likishajengwa huhitaji watu wachache tu kwa hekta nyingi.

Gharama ya maji iliwarudia wafugaji wenyewe. Kila shamba lilivuta maji mtoni na kuyarudisha mto uleule, hivyo uchafu na vimelea vya shamba moja viliingia shamba la jirani. Mwaka 1992 ulizuka ugonjwa uliopewa jina la mto Taura, karibu na Guayaquil. Mwaka 1999 ukafika ugonjwa wa madoa meupe, ambao tayari ulikuwa umeangamiza mabwawa ya Asia. Mauzo ya nje, yaliyozidi tani 110,000 mwaka 1998, yalishuka chini ya tani 40,000 mwaka 2000, wakati nchi ikipita katika anguko la mabenki na kuiacha sarafu yake kwa dola. Mabwawa mengi yalitelekezwa na wafanyakazi wake wakakosa kazi.

Biashara ilifufuka kwa kuzalisha kizazi cha kambamiti waliostahimili ugonjwa, na baadaye kwa soko la China. Mwaka 2022 Ekuador iliuza nje zaidi ya tani milioni moja. Tangu mwaka 2000 serikali imekabidhi vyama vya wavuvi na waokotaji ulinzi wa baadhi ya mikoko. Amri ya rais ya mwaka 2008 iliwaruhusu wafugaji waliovamia ardhi ya taifa kuhalalisha mabwawa yao, kwa sharti la kupanda mikoko upya kwenye asilimia 10 hadi 30 ya eneo, kulingana na ukubwa wake. Kwa hesabu hiyo, sehemu kubwa ya msitu uliokatwa ilibaki mikononi mwa waliouchukua, na waliopoteza riziki hawakulipwa. Bei ya kambamiti katika masoko ya nje haikuwahi kuijumuisha hasara hiyo.