Mgeni Asiye na Jembe

Marehemu baba alikuwa mkwezi Pangani, nami niliujua mnazi kwa nyayo kabla ya kuusoma vitabuni. Ndiyo maana, katika yote niliyosomea botania, kisa cha kisiwa cha San Miguel, Ufilipino, hakijanitoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wenye mashamba kule waliona nazi zinadumaa, zinakuwa duara, na kumbi lina michubuko kiunoni. Makuti yakaingia madoa ya njano, kisha makole yakakoma. Mnazi haukuanguka. Ulisimama miaka na miaka ukifa polepole. Ugonjwa ukaitwa cadang-cadang, jina lenye asili ya neno la Kibikol la kufa, na umeshaua minazi zaidi ya milioni 30.

Wataalamu walisaka virusi, wapi! Jibu lilianzia kwenye viazi. Mwaka 1971 Theodor Diener, akiwa Beltsville, Marekani, alitangaza kwamba viazi mviringo vinavyopoteza umviringo wao huugua kwa sababu ya RNA tupu, isiyo na ganda la protini. Akaiita viroidi. Mwaka 1975 John Randles, wa Australia, akakuta RNA ya namna hiyo kwenye minazi migonjwa.

Ni duara la herufi 246 tu, na hakuna hata moja inayoagiza protini itengenezwe. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu hangoji kupewa, analichukua la mwenyeji. Ndani ya kiini cha seli mna kimeng'enya, polimerasi ya pili ya RNA, ambacho kazi yake ni kunakili DNA ya mmea. Viroidi hukilaghai kiinakili yenyewe. Kimeng'enya huzunguka lile duara kama ngamia wa kinu cha ufuta, mzunguko juu ya mzunguko, kikitoa utepe mrefu wa nakala za kinyume. Utepe huo nao hunakiliwa, ukapatikana utepe mwingine, na huo wa pili ndio vimeng'enya vya mmea huukata vipande. Kwa viroidi ya viazi imeonekana kuwa anayefunga ncha za kipande kiwe duara ni ligasi, fundi wa kuunga DNA, aliyegeuzwa kibarua wa RNA.

Ugonjwa unaomaliza minazi ya pwani yetu ni mwingine, wa fitoplasma, aina ya bakteria, kwa hiyo tusiyachanganye. Cadang-cadang haina dawa mpaka leo: mnazi ukifa, hupandwa mwingine.